Wekeni mizani shambani
Nalima viazi mviringo Njombe, na kila msimu tunaambiwa wanawake tumekosa soko. Soko lipo. Malori ya Fuso yanafika hadi kijijini. Kinachokosekana ni mizani.

Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Njoo shambani uone: gunia likishajaa linashonewa kilemba cha wavu juu, vijana wanashindilia, na bei inabaki ya gunia moja. Ukilalamika kwamba hiyo ni lumbesa, dalali anakujibu, “Mama, kama hutaki, jirani yako anataka.” Na kweli, jirani ana ada ya shule ya kulipa. Mwanamume ataparamia lori usiku akauze mwenyewe Dar es Salaam. Mwenye mtoto mgongoni anauza hapohapo.

Korosho za Mtwara hupimwa kwa kilo, zikaingia ghalani, zikauzwa mnadani. Sisi tunapimiwa kwa macho! Halmashauri inayotoza ushuru wa mazao getini ina uwezo wa kuweka mizani kijijini na kuzuia kila gunia lenye kilemba. Na malipo yaingie kwenye simu ya aliyepalilia, hata kama hati ya shamba ina jina la mumewe.