Kungojana Njiani

Katika Afrika ya Kusini yako mashindano makubwa ya baisikeli za milimani, yaitwayo Cape Epic. Yalianzishwa mwaka 2004. Huchukua siku 8, nayo njia yake hupita kilometa 600, penye mawe, mchanga na milima.

Wengi washindanao huko hawaishi kwa baisikeli. Ni watu wenye kazi na jamaa. Hujizoeza miezi mingi: alfajiri kabla ya kazi, na safari ndefu mwisho wa juma. Wenye akili hawasahau kupumzika, maana mwili hujengeka wakati wa kupumzika baada ya kuchoka. Siku za mashindano zikikaribia, hupunguza mazoezi.

Lakini sheria moja yatupendeza kuliko zote. Watu huenda wawili wawili, wala mmoja hana ruhusa kumwacha mwenzake zaidi ya dakika 2. Akimwacha, wote wawili huadhibiwa. Basi, mwenye mbio afanye nini mwenzake akichoka? Atangulie kumkinga upepo, apunguze mwendo, amngoje juu ya kilima. Nguvu alizozitafuta kwa miezi mingi, sasa ni mali ya wawili.

Kwa hiyo, ninyi vijana wapenda michezo, mkichagua mwenzi wa safari, msiulize tu kama ana mbio. Ulizeni pia: Je, ataningoja? Tena kila mmoja ajiulize: Nami nitamngoja?