Mageuzi ya vyuo yasiishie kwenye majengo

KIJANA mwenzetu, wewe uliyetoka Magindu na begi moja ukaja mjini kutafuta maisha, usiupite ukurasa huu ukidhani habari za Mlimani ni za wasomi peke yao. Mdogo wako yuko kidato cha sita. Akifaulu atakwenda chuo kikuu kwa mkopo, na akipata ajira atakatwa asilimia 15 ya mshahara kuulipa. Je, kwa deni hilo atafundishwa kuongoza, au kunyenyekea?

Serikali inajigamba kwa mageuzi ya elimu ya juu. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa mradi uitwao HEET: madarasa, maabara, mitaala, masomo ya wahadhiri. Hatupingi. Lakini mtungi mpya hausafishi maji machafu.

Tukumbushane. Mwaka 1970 Pius Msekwa alitolewa kwenye Ukatibu Mtendaji wa TANU akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Julai 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, alimwandikia barua ya wazi ya kumkosoa; akaondolewa chuoni na polisi wenye silaha. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga marupurupu ya vigogo. Wakatimuliwa, chama chao kikavunjwa, wakaletewa MUWATA, jumuiya iliyokuwa chini ya Chama. Mei 1990 chuo kizima kikafungwa, kikafunguliwa tena mwaka 1991.

Ndipo yakaja mageuzi. DARUSO ikazaliwa, na kuanzia 1994, chini ya Profesa Mathew Luhanga, chuo kikajipanga upya. Kazi hiyo tunaiheshimu. Lakini Desemba 2019 viongozi wa DARUSO walipoipa Bodi ya Mikopo saa 72 wenzao walipwe fedha zao, walisimamishwa masomo. Majengo yamebadilika, fimbo ni ile ile!

Sasa tazama karibu na kwenu. Kibaha, pale Kwa Mfipa, Februari 2022 ilifunguliwa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere. Ni ya vyama sita vya ukombozi, CCM kikiwemo, na imejengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Chama tawala kina jiko la kupikia viongozi wake. Mtoto wa mkulima wa Magindu jiko lake ni chuo kikuu cha umma. Huko akifundishwa kuogopa, nchi hii itaendelea kuongozwa na waliopikwa chungu kimoja.

Kwa hiyo tunasema wazi. Nafasi ya Makamu Mkuu ishindaniwe hadharani, na wahadhiri na wanafunzi wawe na kauli. Kiongozi wa wanafunzi anayedai haki ya wenzake asihukumiwe na yule yule anayemlalamikia. Hesabu za fedha za mageuzi zibandikwe mahali mwanafunzi anapoweza kuzisoma.

Na sisi wa upinzani tusijisafishe. Mara nyingi tunawatafuta wanafunzi tunapotaka umati wa mkutano, wakifukuzwa tunawasahau. Huo nao ni uongozi mbovu.

Nawe kijana, usibaki mtazamaji. Mdogo wako akienda chuoni, mwambie asiuze kura yake ya DARUSO kwa sahani ya pilau na fulana. Mwambie aulize mapato na matumizi ya serikali yake ya wanafunzi kabla hajauliza ya Wizara. Anayekula michango ya wenzake akiwa na miaka 22, kesho atakula bajeti ya wilaya.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Watawala methali hiyo wanaijua vizuri sana. Wewe uliza: anayemkunja mdogo wako ni nani, na anamkunja aelekee wapi?