Tumejiandaa Kufa, Hatukujiandaa Kuzeeka

Kila harusi ya kwetu hapa Birmingham huwa na kona yake ya wazee, na kona hiyo huwa na swali lake: "Unarudi lini?" Huulizwa Sparkhill kama linavyoulizwa Handsworth, na anayelikwepa hutupiwa methali: mkataa kwao mtumwa. Nimelisikia kwa zaidi ya miaka ishirini. Wengi wa waliokuwa wakiliuliza nilipofika wamekwisha kuzikwa hapahapa. Hawakurudi, wala hawakuamua kubaki. Swali liliwashika mpaka umri ukaisha.

Nadai kwamba swali lenyewe ni baya. Linatutaka tuchague baina ya nchi mbili, ilhali siku za mzee hupita chumbani, pamoja na watu wawili watatu. La kuuliza kwanza ni kama watu hao wanaifahamu kauli yake.

Tuanze na kambi ya wanaosema lazima turudi. Hoja yao kubwa ni nyumba. Imejengwa Fuoni au Kisauni kwa mshahara wa zamu za usiku, ina vigae, tangi la maji juu ya paa, na mlinzi anayelala chumba cha nje. Mwenyewe huikalia wiki tatu kwa mwaka. Anayeisifu nyumba hiyo kuwa ndiyo makimbilio ya uzee hajakaa kupiga hesabu. Pensheni ya serikali ya Uingereza hupandishwa kila mwaka kwa anayeishi Uingereza. Anayehamia Kenya, Tanzania au Uganda huendelea kulipwa, lakini kiwango chake hugandishwa, na bei za sokoni hazigandi pamoja nacho. Mwenzake akihamia Marekani au Ufilipino hupandishiwa, kwa kuwa nchi hizo zina mikataba ya pensheni na Uingereza. Anayehama kwa kudumu hana tena haki ya kutibiwa bure hospitalini kama mkazi, na uzee ndio wakati wa kuhitaji hospitali. Mkenya walau ameruhusiwa uraia wa nchi mbili tangu katiba ya 2010. Mtanzania aliyechukua uraia wa Uingereza hana ruhusa hiyo, na hadhi maalumu iliyopitishwa na Bunge mwaka 2025 haimrudishii uraia alioupoteza.

Tuseme fedha zipo. Atamrudia nani? Rika lake limekwisha. Wapwa zake wanamjua kwa sauti ya simu na kwa tarehe ya kupokea fedha. Mtu huyo hatakuwa mgeni kwa siku mbili tu kama methali inavyotaka. Atakuwa mgeni ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, na jembe halishikiki tena.

Kambi ya pili husema: tulilipa kodi, basi serikali itatutunza. Hawa nao wanajidanganya. Septemba 2023 Halmashauri ya Jiji la Birmingham ilitangaza rasmi kwamba haiwezi kulingana na matumizi yake. Mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya halmashauri kwa karibu asilimia 10 na kupunguza huduma. Mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia gharama zote za kutunzwa katika nyumba ya wazee, na kwa mtu anayeishi peke yake, hata nyumba yake huingizwa katika hesabu.

Lakini fedha si ubaya mkubwa kuliko wote. Nilikwenda kumtazama mzee wetu mmoja, mtu wa pwani, aliyekuwa akitunzwa katika nyumba moja ya jiji hili. Kumbukumbu zilikuwa zimempungua, na Kiingereza alichojifunza ukubwani kilikuwa kimemtangulia kuondoka, jambo ambalo wanaowauguza wagonjwa wa namna hii wanalijua vyema. Daftarini mwake waliandika kwamba hupiga kelele alfajiri bila sababu. Nilikaa naye, nikamsikiliza. Alikuwa akiomba maji ya kutawadha. Kwa miezi kadhaa mtu mzima, aliyesomesha watoto wa watu Kurani, aliomba maji akaandikiwa fujo. Waliomtunza hawakuwa wabaya. Walimlisha, walimwosha, walimfunika. Hawakumfahamu tu.

Hapo kambi zote mbili hukutana kwa jibu moja: "Sisi Waswahili hatuwapeleki wazee wetu nyumba za wazee." Maneno haya hutamkwa kwa fahari, na si ya kweli. Unguja kuna nyumba za wazee Sebleni na Welezo, na Pemba kuna ya Limbani, zote zikitunzwa na serikali. Tangu Aprili 2016 Zanzibar huwalipa pensheni jamii wazee waliotimiza miaka 70, kwa sababu ilikubali kwamba wako wazee ambao familia pekee haiwatoshi. Walioko nyumbani wamekiri jambo ambalo sisi wa ughaibuni bado tunalikana.

Tena, tunaposema "watoto watatutunza", tunamaanisha nani? Tunamaanisha binti, au mke wa mwana. Na huyo binti yuko wapi saa hizi? Huenda yuko Erdington au Solihull, kavaa sare, anamgeuza kitandani mzee wa Kiingereza asipate vidonda. Dada zetu wangapi hapa mjini wanaishi kwa kazi hiyo! Jiji hili linatunza wazee wake kwa mikono yetu, na sisi tunasema hatuna wa kututunza. Mikono tunayo, ila tumeiuza kwa saa, na saa iliyobaki tunamdai binti aitoe bure kwa jina la radhi.

Abdulrazak Gurnah aliliona jambo hili katika riwaya yake By the Sea ya mwaka 2001. Saleh Omar, mzee wa miaka 65 kutoka Zanzibar, anaingia Uingereza akijifanya hajui Kiingereza. Anapewa makazi katika mji mdogo wa pwani, na paa lipo, na joto lipo. Maisha yake yanapata uzito pale Latif Mahmud anapokuja kumtembelea. Si rafiki, ni mtu mwenye kisasi cha kifamilia, aliyekuja kudai maelezo. Lakini anazijua nyumba zilezile na majina yaleyale, na ugomvi wao ni wa watu wanaofahamiana. Hata wa kugombana naye ni riziki.

Handsworth, katika Barabara ya Soho, ipo gurdwara ya Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha, jumuiya iliyoasisiwa na Puran Singh, aliyeishi Kericho kabla ya kuja Uingereza katika miaka ya 1970. Wanaojitolea hupika humo kila siku, na kila aingiaye hulishwa bila kuulizwa dini. Nimekaa sakafuni humo na wazee wa Kisingasinga waliozaliwa Nairobi na Kisumu, tukasema Kiswahili cha gereji na stesheni za reli mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyewauliza wanarudi lini. Kesho yake walikuwa na mahali pa kwenda.

Na sisi je? Tuna vyama vya kufa na kuzikana vinavyofanya kazi ya kupigiwa mfano. Mtu akifa usiku, kabla ya adhuhuri mchango umepatikana, kaburi limelipiwa au tiketi ya jeneza imekatwa. Maiti wetu hakosi watu. Aliye hai, mwenye miaka themanini, hukaa wiki nzima asisikie "shikamoo" hata moja.

Ninachodai ni kidogo, na kinawezekana. Kila chama cha kuzikana kitenge sehemu ya mchango wake kwa walio hai. Kikodi ukumbi siku tatu kwa wiki, pawe na kahawa, bao na mtu wa kusoma barua za halmashauri. Kiandike orodha ya watunzaji wanaosema Kiswahili. Sheria ya huduma za jamii ya 2014 huilazimu halmashauri kumtathmini mzee anayeonekana kuhitaji msaada, na anayestahili anaweza kuomba fedha mkononi amwajiri mtunzaji amtakaye. Kwa nini asimwajiri anayejua maana ya maji ya kutawadha? Na huyo mtunzaji alipwe, asidaiwe radhi.

Anayetaka kurudi na arudi, baada ya hesabu na baada ya kujua nani atamfungulia mlango. Anayebaki abaki pasipo haya. Lakini sisi tulio katikati, wenye miaka hamsini na nguvu za kubeba viti vya harusi, tuache kuwauliza wazee wanarudi lini. Tuwaulize Jumatano wana nani, na wakikosa jibu, twende sisi.