Mwenye kulinda mgonjwa, nani anamlinda?

Jioni ikifika, simameni kidogo mbele ya mlango wa lopitali yoyote ya miji yetu ya mugodi, iwe Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi. Mtawaona wamama wanaingia na beseni kichwani: bukari imefungwa ndani ya kitambaa, sombe ndani ya sufuria, bidon ya maji mkononi, kikwembe cha kulalia begani. Hawakuja kusalimia mtu dakika kumi na kurudi. Wamekuja kulala. Ndio walinzi wa wagonjwa, wale tunaowaita garde-malade, na bila wao lopitali zetu nyingi zingesimama kesho yake.

Tuhesabu kazi yao. Ni wao wanaomwosha mgonjwa na kumgeuza kitandani. Ni wao wanaomlisha, juu lopitali nyingi hazina chakula cha kumpa. Ni wao wanaokimbia usiku na karatasi ya munganga mkononi, kutafuta dawa mu famasi za inje. Ni wao wanaokesha wakitazama chupa ya serumu, na ikikaribia kwisha wanakwenda kumwita muuguzi. Kazi hiyo yote haina mshahara, haina zamu, haina siku ya kupumzika. Mara nyingi haina hata kiti. Mlinzi analala chini ya kitanda ao kwenye baraza, mbu wanamla, na asubuhi anaondoshwa pamoja na uchafu: "Mama, toka, munganga anapita." Kisha siku chache naye anashikwa na homa. Familia iliyokuwa na mgonjwa mmoja, sasa iko na wawili.

Sisi wa sendika ya wafanyakazi wa mugodi tunasema hivi: mu lopitali kuna watu wa namna tatu, ni kusema mgonjwa, familia yake, na mtumishi anayemtunza. Ni mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Ukiondoa moja, chakula kinamwagika. Lakini tukizungumza juu ya afya mu inchi yetu, tunazungumza tu juu ya dawa na majengo. Mafiga yenyewe tunayasahau.

Wengine watatuuliza: ninyi watu wa shaba na kobalti, lopitali inawahusu nini? Inatuhusu sana. Tangu Union Minière du Haut-Katanga ilipoanzishwa mwaka 1906, mugodi na lopitali vilikwenda pamoja huku kwetu. Hatusemi wazungu walifanya vile kwa mapendo. Walihitaji mikono yenye nguvu, na mtu mgonjwa hachimbi. Hata hivyo baba zetu walikuwa na kambi, posho na lopitali, na kampuni ilipogeuka ya serikali mwaka 1967, ile tunayoiita Gécamines, wafanyakazi waliendelea kuyahesabu matunzo kuwa sehemu ya mshahara. Kisha mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari". Kazi ilipokwenda, matunzo nayo yalikwenda. Wazee wengi wa wakati ule wako leo mu kartye, wanangoja watoto wachange feza ndipo wapimwe presha.

Na sisi tulio na kazi leo? Sheria ya kazi ya mwaka 2002 iko wazi: mwajiri ana lazima ya kumtunza mfanyakazi pamoja na familia yake. Lakini wengi wetu tunafanya kazi chini ya masutiretansi, wale wanaochukua kazi kwa kampuni kubwa. Tumeona mara nyingi bon ya matunzo ikikataliwa dirishani, juu mwajiri hajalipa lopitali miezi kazaa. Mfanyakazi anabaki amesimama pale na mtoto mgongoni. Muuguzi wa dirishani ndiye anayetukanwa, na mwenye deni yuko ofisini kwake, hasikii kitu.

Hapo ndipo tunataka tuelewane vizuri. Yule muuguzi si adui yetu. Ni mfanyakazi kama sisi.

Mugodini, kabla ya zamu kuanza, tunasimama dakika chache kuzungumza juu ya hatari za siku. Asiye na kofia ngumu na viatu vya usalama haingii. Sheria inataka kila kampuni iwe na kamati ya usalama na usafi wa mahali pa kazi, na madelege wa wafanyakazi wakae ndani yake. Mambo hayo hayakuanguka toka mbinguni, yalidaiwa. Basi lopitali nayo ni mahali pa kazi. Hatari yake haina mlipuko wala jiwe la kuanguka, lakini iko: sindano inayomchoma muuguzi aliyechoka, damu inayomrukia mkunga asiye na glavu, mzigo wa mgonjwa mzito unaobebwa na watu wawili pahali pa wane. Iko pia hatari isiyoonekana. Muuguzi anayeona watoto wakifa mikononi mwake wiki ile ile, kisha anatumwa chumba kingine bila mtu wa kumwuliza "uko namna gani?", roho yake nayo imeumia. Akianza kujibu watu kwa ukali, tunasema ana kiburi. Hatuulizi amelala saa ngapi, wala mshahara wake umefika ao haujafika.

Inchi yetu ilishajifunza somo hili kwa machozi. Mwaka 1976 kule Yambuku, Ebola ilipojulikana mara ya kwanza, lopitali ya misioni ilikuwa inatoa sindano 5 tu kila asubuhi kwa kazi ya siku nzima. Sindano moja ilipita toka mtu mpaka mtu. Kati ya watumishi 17 wa lopitali ile, 11 walikufa, na milango ikafungwa. Mwaka 1995 kule Kikwit, watu 315 waliugua, na 80 kati yao walikuwa watumishi wa afya. Njia nyingine kubwa ya ugonjwa ilikuwa jamaa waliowaosha na kuwalisha wagonjwa wao kwa mikono mitupu. Angalieni vizuri: mtumishi, mgonjwa, mlinzi, wote watatu. Ugonjwa haukuuliza nani ana diploma na nani ana beseni. Aliyekosa maji, sabuni na glavu ndiye alilipa, kisha akawalipisha wengine.

Ndiyo maana tunakataa kusikia kwamba raha ya mlinzi ao ya muuguzi ni anasa. Bomba ya maji na sabuni karibu na chumba cha wagonjwa ni dawa. Choo safi cha familia ni dawa. Pahali penye paa pa kuweka mbabula, ili mama asipikie chini ya dirisha na moshi usiingie kwa mwenye pumu, ni dawa. Mbu-neti kwa anayelala barazani ni dawa, juu malaria haichagui kati ya mwenye kitanda na asiye na kitanda.

Na maneno nayo ni dawa. Mgonjwa anayelala siku tano bila kujua ana ugonjwa gani anateseka mara mbili. Familia isiyoambiwa kitu inaanza kutafuta majibu kwingine: kwa mufumu, kwa nabii wa barabara, kwa jirani anayesema ni bibi mzee ndiye amemroga. Saa moja iliyopangwa kila siku, munganga ao muuguzi mkubwa aketi na familia, aeleze kwa Kiswahili chetu, si kwa Kifaransa cha darasani, ingezima ugomvi mwingi. Kule Bukavu, lopitali ya Panzi iliyoanzishwa na munganga Denis Mukwege mwaka 1999 imeonyesha dunia kwamba kumtunza mtu si kushona kidonda peke yake. Wamama waliobakwa wanatunzwa mwili, wanasikilizwa roho, wanasaidiwa mbele ya sheria, na wanapewa njia ya kujitafutia maisha. Haikufanywa Ulaya. Imefanywa hapa kwetu, karibu na vita.

Kuna aibu moja ambayo hatuwezi kuipita kimya. Ni ile ya kumzuia mgonjwa aliyepona, ao mama aliyezaa, juu familia haijamaliza kulipa. Mwaka 2023 serikali ilianzisha mpango wa kuzaa bila malipo, ikaanzia Kinshasa, na tunaupongeza. Katiba yenyewe, kwa kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Kwa hiyo kitanda cha lopitali hakiwezi kugeuka gereza. Tunajua lopitali nayo ina madeni, tena wakubwa wake wanabanwa na hesabu. Lakini deni linazungumzwa na watu wanaokaa mezani. Halidaiwi kwa kumfungia mama mwenye mtoto wa siku nane.

Watatuambia: feza iko wapi? Tunajibu kwamba sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni inayochimba iweke pembeni isiyopungua 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Na ile redevansi ya mugodi inagawanywa: 25 % kwa jimbo, 15 % kwa komini ao sheferi pale mugodi ulipo. Hatusemi feza yote iende lopitali. Tunasema tu, kabla ya kujenga jengo lingine la kukata utepe, lenye rangi mpya na bila maji, waulizeni kwanza wanaolala pale usiku wanakosa nini.

Sisi wenyewe wa familia tuna wajibu wetu, na tuuseme bila kuficha. Kuingia watu kumi na watano ndani ya chumba cha wagonjwa sita, kwa sauti ya sokoni, si mapendo, ni fujo. Kumtukana muuguzi juu ya dawa ambayo si yeye aliyeikosesha, si haki. Kumpa mgonjwa mizizi ya mufumu kwa siri, pembeni ya dawa za munganga, kunaweza kumwua. Na ile "kitu kidogo" tunayotoa ili tupite mbele ya wengine, tunaiondoa mdomoni mwa yule aliyekuja mbele yetu na hana kitu. Mwenye kutaka heshima aanze kuitoa.

Makamarade, madelege wa wafanyakazi, tukienda tena kuketi na waajiri kwa mapatano ya kazi, tusiishie kwa mshahara na usafiri. Tuweke mezani mambo manne. Kwanza, lopitali zinazotutunza zilipwe kila mwezi, masutiretansi nao wahesabiwe. Pili, kila lopitali yenye mapatano na kampuni iwe na pahali pa walinzi wa wagonjwa: maji, choo, jiko, pa kulala. Tatu, mtumishi wa lopitali awe na glavu, chanjo ya hepatiti B, na zamu inayomwachia saa za kulala. Ine, kamati ya usalama na usafi ya kila lopitali impe kiti mlinzi mmoja wa wagonjwa, mama mmoja wa beseni, naye aseme alichokiona usiku.

Yeye ndiye anayejua saa ngapi maji yanakatika.