Ukiua nyoka, mwenzake atalipiza?

Wengi wetu huku Mafia tumekua na onyo hili: ukiua nyoka, mwenzake atakuja kulipiza kisasi. Sasa watoto nao wanauliza: kwani nyoka wanajuana?

Wanatambuana, ila kwa harufu. Nyoka akitoa ulimi huokota harufu na kuipeleka kwenye kiungo maalumu juu ya kaakaa. Ndivyo dume anavyofuata njia aliyopita jike. Madume ya koboko hupigana mieleka wakigombea jike, na chatu jike huyazungukia mayai yake mpaka yaanguliwe. Hata wanaofugwa kizimba kimoja, ukiwakuta wamelaliana usidhani ni mapenzi. Mara nyingi kila mmoja anatafuta joto au maficho. Fira humla hata nyoka mwenzake.

Kuomboleza na kulipiza kisasi hawajui. Ukimwona wa pili palepale, amefuata harufu, panya au maficho.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, badala ya kukesha ukimsubiri mwenzake, ondoa lile lundo la makumbi na makuti makuukuu nyuma ya jiko. Mfundishe mtoto asiingize mkono mahali asipopaona, na akimwona nyoka arudi nyuma amwite mkubwa, asimpige.

Akiumwa, msichanje, msinyonye jeraha, msifunge kamba. Mtulizeni, kiungo kilichoumwa kisitikisike, mpelekeni upesi Hospitali ya Wilaya, Kilindoni. Mlioko Chole na Jibondo, jueni leo boti ya usiku iko kwa nani.