Sehemu ya 6: Usiusingizie mlima

Mama wenzangu, hasa mlioko huku Ujerumani, Austria na Uswisi: kiangazi kimefika na naona wengi mnaulizia yale magari ya kulala, yenye vitanda, sinki na jiko la gesi humo humo, mkalale milimani na watoto. Nendeni. Mimi si wa kuwatisha. Ila kuna jambo moja nitalisema kwa ukali kidogo, maana lilinikuta mimi mwenyewe, muuguzi mzima.

Tulikuwa Tirol, mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana kule chini Innsbruck watu wanajipepea. Usiku kule juu tukawa tunatafuta soksi. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi kama 6 hivi. Baba watoto akawasha jiko la gesi, "dakika kumi tu tupate joto," madirisha yote yamefungwa. Usingizi ukatupitia.

Nikaamka kichwa kinagonga. Mkubwa anatapika, mdogo wa miezi 8 amelegea, hataki hata kunyonya. Na mimi nikasema nini? "Ni huu mlima." Nilishashika chupa ya parasetamoli!

Hapo ndipo nataka mnisikilize. Nairobi iko karibu mita 1,700. Nani kati yenu aliwahi kushuka Nairobi akaumwa kichwa kwa sababu ya mwinuko? Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanzia mita 2,500 hivi, na kambi nyingi za haya magari ziko chini ya hapo. Kwa hiyo mkiumwa wote kwa pamoja, ndani ya gari lililofungwa, na kuna moto uliowaka humo, usiusingizie mlima. Shuku kaboni monoksaidi kwanza. Ni sumu ile ile ya jiko la mkaa inayoua watu kwetu usiku wa baridi. Hainuki, haionekani.

Kilichotuokoa ni kwamba nilifungua mlango ili mtoto akatapikie nje, na huko nje kichwa changu kikaanza kuwa chepesi. Ndipo akili ikanirudi. Tukatoka wote, tukapiga 112, tukawekewa oksijeni hospitalini. Usirudi kulala eti umepata nafuu, hasa kama una mimba. Mtoto wa tumboni huathirika kuliko wewe. Na kile kifaa cha kubana kidole, ambacho siku hizi kila mama anacho, hapa usikiamini kabisa. Hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Kinaweza kukuonyesha 98 na mtoto anazidiwa.

Kuna wanaosema, si uache tu kidirisha wazi? Sikubaliani. Kidirisha ni cha wakati wa kupika, na ukimaliza kupika unazima. Jiko si hita, basi. Tumieni hita ya gari lenyewe, inayotoa moshi wake nje, na mabanzi, nguo nzito, blanketi za watu wazima. Na mvua za milimani zikiwakuta mnachoma nyama, lile jiko la mkaa libaki huko huko kwenye mvua. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanatoa sumu.

Kilichoniuma zaidi: aliyetukodisha gari alituambia lina kengele ya gesi. Kweli lilikuwa nayo, lakini ya kugundua gesi ya mtungi inayovuja. Hicho ni kitu kingine kabisa, na usiku ule haikulia. Kwa maoni yangu familia yenye mtoto isipokee funguo kabla ya kuona kengele iliyoandikwa CO na kuibonyeza ilie. Yangu siku hizi inakaa kwenye begi la nepi.

Baba watoto bado anasisitiza zilikuwa dakika kumi.