Mwandishi wa Takwimu za Mwaloni Naye Ajibiwe

Dagaa hawavuliwi mbalamwezi. Mtoto yeyote wa mwaloni anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu taa za mitumbwi hazivuti kitu, na wavuvi hupumzika wakashona nyavu. Kwa hiyo fomu ikifika mezani kwangu Mwanza ikionesha ndoo arobaini za dagaa usiku wa mwezi mpevu, najua mwandishi wa takwimu hakwenda mwaloni. Amenakili ya wiki iliyopita.

Ofisini hukumu huwa moja: afukuzwe. Mimi huuliza kwanza, mara ya mwisho tulimjibu lini?

Huyu mtu yuko kisiwani, Ukara au Kome. Anafika mwaloni alfajiri mitumbwi ikirudi, anapima sangara na sato, anahesabu ndoo za dagaa, anajaza fomu na kuituma kwa simu yake na bando lake. Kisha kimya. Kisiwa chake hutajwa kwenye kundi la WhatsApp siku aliyochelewa tu: "Ukara mbona hamjatuma?" Huku Usukumani hata anayekuja kudai deni huanza na "mwangaluka". Ofisi imejifunza wapi kudai bila salamu?

Wapo wanaosema dawa ni posho. Posho ni haki yake, na bando alipwe mapema. Lakini nimeona wanaolipwa sawasawa, mmoja akinakili na mwenzake akiandika ukweli. Mara nyingi anayeandika ukweli ni yule anayejua takwimu zake zinakwenda wapi: zinatoka BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo), zinapita halmashauri, zinafika kwa watafiti, na huingia katika hesabu za Tanzania, Kenya na Uganda, ambazo tangu 1994 zina taasisi yao ya pamoja ya uvuvi wa Ziwa Victoria, LVFO, yenye makao Jinja. Ziwa hili lina takriban kilomita za mraba 68,800. Bila watu wa mialoni, watafiti hao wangekuwa wanakisia.

Wengine wanataka aitwe Mwanza kila mara kwenye kikao. Wasisahau maji. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Kumvusha mtu ziwa kwa maelezo yanayotosha kwenye simu ni kutomjali. Msimamizi ndiye apande kivuko, alale kisiwani, na alfajiri ashike mizani pamoja na mwandishi wake.

Mengine hayana gharama kubwa. Fomu ijibiwe siku hiyohiyo, na jibu liguse alichoandika: "Sangara wa wiki hii ni wadogo, wavuvi wanasemaje?" Anayeulizwa hivyo kesho ataangalia kwa makini zaidi, maana anajua kuna anayesoma. Kila mwezi arudishiwe muhtasari wa mwalo wake aubandike ofisi ya BMU, wavuvi waone kwa nini anawasumbua na rula yake.

Tangu korona ya 2020, baadhi ya ofisi za mijini zina watu wanaofanyia kazi nyumbani, na mabosi wanalalamika kwamba wamepoa. Nao wajiulize kama wanazisoma ripoti wanazozidai.

Anayenakili amekosa, na aelezwe hivyo. Lakini ofisi isiyosoma fomu haina haki ya kumfukuza aliyechoka kuijaza. Wasimamizi wenzangu, tuanze kujibu.